Mpaka Sikioni

Mafuta ya ng'ombe yakipakwa kwenye mti uliokaa juani, hutoa harufu ambayo si ya chakula wala ya dawa. Ni nzito, ina uchungu kidogo wa moshi. Nikiikuta popote, hata sokoni Bariadi katikati ya dagaa na mitumba, miguu yangu husimama yenyewe. Ninakuwa tena na miaka kumi, nimekaa nyuma ya kihenge cha bibi, upinde wa baba uliopakwa mafuta hayo uko mapajani.

Baba alikuwa na ng'ombe wengi kuliko majani ya kijiji chetu, kule upande wa Mwamanyili. Mashamba ya pamba yalikuwa yamemeza malisho, naye, kama wafugaji wengi wa Kisukuma, akaamua kuwaswaga kwenda Katavi. Mama yangu alifariki nikiwa bado nanyonya, kwa hiyo nilibaki na bibi. Bibi alinipenda, lakini masikio yake yalikuwa mazito, na maongezi yetu yalikuwa mafupi, ya kupayuka.

Asubuhi ya kuondoka nililia nikiwa nimemshika baba shati. Akatazama huku na huku, macho yake yakaangukia upinde mkubwa uliotundikwa ukutani. Alikuwa anauacha kwa sababu alikuwa na mwingine.

"Mayu," akaniambia, maana wanaume wa kwetu huwaita binti zao hivyo, yaani mama, "siku utakapouvuta huu mpaka sikioni, nitakuchukua. Tutachunga wote."

Nilinyamaza papo hapo. Nilikuwa nimepewa kazi.

Nikueleze kidogo, kwa sababu wengi hudhani uzito wa upinde ni ule unaousikia unapoubeba. Ukibebwa, upinde ni mwepesi kama fimbo ya kuchungia. Uzito wenyewe uko kwenye ugwe, ile kamba ya kano za ng'ombe: ni nguvu ambayo mti unakurudishia unapoukunja. Upinde wa kuwindia ndege hukubali kwa vidole viwili. Wa baba ulichongwa kwa mti tunaouita mkoma, mnene kama kifundo cha mkono wake, wa kumfanya fisi asirudi tena zizini. Hata kuufunga ugwe tu kulitaka mwanaume aukandamize kwa goti.

Baba mdogo alipopita kutusaidia palizi, nikambembeleza anifungie. Akacheka, akafunga, akaenda zake. Nami nikafikiri kwa akili zangu za miaka kumi: nikiufungua, nani atanifungia tena? Basi nikauacha vilevile, umefungwa kutwa kucha, nyuma ya kihenge, mahali ambapo jua la mchana lilipiga vizuri.

Siku ya kwanza ugwe ulisogea upana wa kiganja, vidole vikawaka moto. Kesho yake nikarudi. Nilikuwa nikitoka shule nachota maji, kisha nakaa na kuvuta. Sikuuachia ugwe ghafla, maana hilo baba aliwahi kunionya: upinde ukiachiwa bila mshale hujipiga wenyewe, ukapasuka. Nilivuta, nikaurudisha polepole, nikavuta tena. Wenzangu waliacha kuja kuniita tukacheze. Walipita njiani wakipiga kelele, "Sungusungu wa kike! Fisi huyo anakuja!" Bibi naye alisimama mlangoni, akapayuka, "Wewe mtoto, huo upinde umekuposa? Umetoa ng'ombe wangapi?"

Pamba ilipotoa maua, ugwe ulikuwa umefika kifuani. Tulipoanza kuvuna, ukafika kidevuni. Niliitazama mikono yangu, ilikuwa mijiti ileile, nikaamini kwamba nguvu zimejificha ndani. Na mchana ule ugwe ulipogusa sikio langu kwa mara ya kwanza, bibi alikuwa shambani na njiani hakukuwa na mtu. Nikamwonyesha mbuzi.

Baba alirudi kiangazi, amekonda, ana kofia mpya. Nilipiga magoti nikamwamkia, "Mwadila, baba," lakini sikungoja hata anywe maji. Nilikimbia nikauleta upinde, nikasimama katikati ya uwanja, nikavuta mpaka sikioni, nikashikilia.

Hakushangilia. Aliupokea, akauvuta mara moja tu, kwa vidole viwili, kama mtu anayevuta kamba ya ndama. Kisha akaufungua ugwe. Upinde ukabaki umejikunja vilevile.

"Jioni ulikuwa unaufungua?"

"Hapana, baba. Ningeshindwa kuufunga tena."

Akaupitisha mkono kwenye mti, kutoka ncha hadi ncha. "Umefika sikioni," akasema hatimaye.

"Ulisema tutaenda wote."

Akamtazama bibi. Bibi akatazama michembe yake, vile vipande vya viazi, iliyoanikwa juani.

Siku zilizofuata alinichongea upinde mwingine, mdogo, akanifundisha kwa subira ambayo sijaikuta kwa mwalimu yeyote. "Usichague upinde wa kujitambia," aliniambia. "Vuta, shikilia, pumua mara tatu. Mkono ukitetemeka kabla ya mara ya tatu, huo si wako bado. Ukitulia, anza na huo. Na jioni ufungue. Ng'ombe wa kulimia halali na nira."

"Na ule mkubwa?"

"Ule umeshauvuta, mayu. Umemalizana nao."

"Tunaondoka lini?"

Akaendelea kuchonga.

Siku ya tano nilitoka shule nikamkuta bibi peke yake, anamenya viazi, hakuinua uso. Upinde mdogo ulikuwa umeegemezwa kitandani kwangu, ugwe umefunguliwa. Nilikaa siku nyingi bila kuugusa.

Tangu hapo nilikuwa na hadithi moja juu ya baba yangu: aliahidi, nikavuta, akaniacha. Niliisimulia bwenini sekondari, nikamsimulia mume wangu. Baba alipofariki alizikwa hukohuko Katavi. Nilikwenda, nikasimama nyuma ya waombolezaji wote, na zamu ya kutupia udongo ilipofika, sikwenda.

Mwaka juzi nilikuwa kwa jirani yangu hapa Bariadi, mzee anayechonga pinde za wacheza ngoma. Alikuwa ameshika upinde wa mteja, anagomba peke yake. "Ameuacha umefungwa tangu mavuno," akaniambia. "Mti umesahau kunyooka. Ulikuwa upinde wa mwanaume huu, sasa hata mtoto anauvuta."



Zile nguvu sikuwahi kuwa nazo. Mti ndio uliochoka, siku baada ya siku, mikononi mwangu, na baba alilijua hilo alipouvuta mara moja. Angeweza kuniambia kwa neno moja, nami ningeona mwenyewe kwamba sharti halijatimizwa, naye angeondoka akiwa mtu mkweli. Lakini aliona mtoto aliyekaa peke yake msimu mzima akivuta. Akaniachia nguvu zangu, akachukua yeye jina la mwongo, na mimi ndiye niliyemwita kwa jina hilo mpaka anazikwa.