Nilivyomsaidia Mama Kuumwa

Juzi binti yangu alirudi kutoka shule akilalamika tumbo, nikajaza maji moto ule mfuko wa mpira na kumwekea. Ile harufu ya mpira uliopata moto ilipopanda, sikuwa tena jikoni kwangu Komarock. Nilikuwa kwetu Majengo, nina miaka minane, nimesimama mlangoni namtazama mama na sielewi kitu.

Mama alikuwa msusi. Wateja walikaa barazani petu kwenye kigoda kifupi, naye akasimama nyuma yao kutwa nzima, ameinama kama mtu anayetafuta sindano kwenye nywele. Uzito wote aliutupia mguu wa kulia. Kila alipopata nafasi, mkono wa kushoto ulishuka chini ya kitovu ukakaa hapo, kama anayezuia leso isianguke. Akikaa, alikaa upande. Mteja akiondoka, mama aliingia ndani amejikunja, akiburuta mguu kidogo, akajilaza na mfuko wa maji moto juu ya kinena. Hata kuswali aliswalia kitini kama nyanya yangu, na nyanya alikuwa mzee, mama hakuwa na mvi hata moja.

Nilimuuliza. Akasema, "Mgongo tu." Lakini mkono haukuwa mgongoni.

Mama Saumu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa na jibu lake. "Huyo ana mimba," alininong'oneza. "Subiri mdogo wako." Nikasubiri. Nilimchagulia jina, nikamwekea viatu vyangu vilivyonibana. Ramadhani ikaja ikapita, ikaja nyingine, mtoto hakuja, na hakuna aliyenieleza kwa nini anachelewa hivyo. Wengine walisema mama anajidekeza. Zahanati walimpa vidonge. Akapigwa picha, majibu yakasema hana kitu. Nilishangaa mtu anaumwaje na kitu ambacho hakipo.

Alasiri moja, shangazi Rukia, dada yake baba, alikuja kusukwa. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, najidai nasoma. Nikamsikia mama akisema kwa sauti ya chini, "Wifi, tangu nimzae Zuhura sijakaa nikatulia."

Zuhura ni mimi.

Sikujua watu wanazaliwaje. Nilidhani wakati wa kutoka nilisahau kitu humo ndani, au nilitoka vibaya, kwa pupa, kama nilivyozoea kutoka nyumbani nikaacha mlango wazi. Kuuliza sikuthubutu. Nikaanza kukataa kupakatwa. Nikakataa hata kusukwa, nywele zikawa kiota cha ndege, na mama akanitazama asijue nimeingiwa na nini. Mwishowe nikajipatia dawa. Beseni la nguo mbichi lilimshinda mmoja, lakini tukishika huku na huku lilikuwa jepesi. Nikaona maumivu nayo hayawezi kuwa tofauti.

Basi nikaanza kutembea kama mama. Nilijikunja, nikaweka mkono chini ya kitovu, nikaburuta mguu, hivyo hivyo njia nzima mpaka shuleni. Nilisimama hivyo gwarideni. Nilicheza hata kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, nikiwa hivyo, na timu yangu ikashindwa kila siku. Baada ya siku kadhaa kiuno kilianza kuniuma kweli. Nilifurahi sana. Niliona dawa inafanya kazi, ila sikuelewa kwa nini mama hapati nafuu.

Wiki ya pili Mwalimu Njoki, mwalimu wa darasa letu, alimwita mama ofisini.

"Mama Zuhura, huyu mtoto ako na shida gani? Zuhura, enda mpaka mlangoni, urudi."

Nikaenda, nikarudi. Mama alianza kucheka, kicheko kikamkatikia njiani.

"Nani kakufunza kutembea hivyo?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Nakusaidia kuumwa," nikasema, na yote yakatoka: pazia, shangazi, na kile kitu nilichosahau ndani.

Mama akalia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia mbele ya mtu, na nilijua sasa nimeharibu zaidi. Mwalimu Njoki alifunga mlango, akamsogezea kiti, kisha akamuuliza polepole, "Na wewe, mama, unaumwa wapi?"

Mama alitazama sakafu. "Huku chini. Ndani. Hata baba yake sijamweleza."

Njiani kurudi nyumbani alinishika mkono. "Mwanangu, nikisema tangu nimzae Zuhura, nahesabu miaka tu. Hukusahau kitu." Tulipiga hatua chache. "Kuzaa kulinichosha mwili, ndiyo. Lakini mtoto hana kosa." Sikuelewa haya mawili yanakaaje pamoja. Niliitikia kwa kichwa kana kwamba nimeelewa.

Mwalimu Njoki alikuwa na dada aliyewahi kutibiwa shida kama hiyo. Akamwelekeza mama kwa mwanamke mmoja hospitalini, mtaalamu wa viungo na mazoezi. Nilienda na mama. Yule mtaalamu alimtaka mama asimame, atembee, akae, apumue, akawa anauliza na kuandika. Alisema misuli ya chini ya nyonga, ile inayobeba kibofu na tumbo la uzazi, imekunja ngumi miaka yote hiyo. Maumivu yanamfanya ajikunje, na akijikunja ngumi inazidi kukaza. Nilikaa pale nikikunja na kukunjua vidole vyangu, nikijiuliza ngumi imefikaje huko.

Siku chache baadaye nilirudi kutoka shule nikamkuta mama chali sakafuni, miguu juu ya kiti, macho kafumba, kimya. Nilipiga yowe. Mama Saumu akaja mbio na mwiko mkononi, nyuma yake nusu ya mtaa.

"Maskini, mimba imemwangusha!"

"Napumua," mama alisema bila kufumbua macho. "Nimeambiwa nipumue."

"Kwani siku zote ulikuwa hupumui?" Mama Saumu akauliza.

Kigoda cha wateja kikabadilishwa, kikaja kiti kirefu, asiiname. Kati ya kichwa na kichwa alitembea kidogo barazani. Baba, alipoelezwa, alichukua beseni la nguo na kwenda kuanika mwenyewe. Mama hakupona kama wanavyopona watu kwenye hadithi. Zilikuja wiki nzuri, zikaja mbaya. Lakini mbaya zilipungua, na mwaka uliofuata alinibeba mgongoni siku ya Idi, kutoka kwetu mpaka kwa shangazi, ingawa nilikuwa mkubwa na miguu yangu ilikaribia kugusa chini.

Nilipojifungua mwenyewe ndipo nilipoelewa kwamba mama hakuwa anaficha. Neno la kuanzia ndilo lililokosekana. Wote waliomtibu mwanzoni walimuuliza anaumwa nini, naye jina la ugonjwa hakuwa nalo. Mpaka leo sijui ni kiasi gani kilitokana na kunizaa, ni kiasi gani na kusuka, ni kiasi gani na kunyamaza. Yeye mwenyewe hajui, na yule mtaalamu naye hakudai kujua.

Siku nyingine hunipigia simu, na tukimaliza salamu husema tu, "Leo naumwa." Ningali na ule utoto wa kutaka kujitafutia kosa. Najizuia, namuuliza wapi, naye ananiambia.