Dawa Moja, Pakiti Mbili

Wiki iliyopita niliambiwa kwamba yule mama mwenye duka la dawa mjini Nakuru, Mhindi aliyezaliwa hapo hapo na kugombana na nusu ya mji, ametutoka. Wengi watakumbuka ukali wake. Mimi namkumbuka kwa vita alivyozuia.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Asubuhi moja niliondoka nilikolala bila kujua naenda wapi, kama ilivyokuwa tabia yangu tangu niache shule, nikaingia dukani kwake kusoma maandishi ya dawa, maana kusoma kulikuwa bure. Mbele yangu alisimama mzee mkulima wa Kuresoi, aliyewahi kuwa kibarua kwenye shamba la mzungu, ameshika masikio. Alikuwa akimeza vidonge vya pakiti nyekundu kwa ajili ya mgongo na vya pakiti ya buluu kwa ajili ya magoti, na sasa kengele zilimlia kichwani kutwa. Mkewe alisema amerogwa na jirani waliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba. Mzee alitaka dawa ya tatu, kisha aende kumshtaki jirani kwa chifu.

Mama alizitazama pakiti, akapiga meza. "Mzee! Unakunywa dawa moja mara mbili!"

"Mama, angalia vizuri. Hii nyekundu, hii buluu."

"Kule kwa mzungu walikuita nani?"

"Jumatano. Ndiyo siku niliandikwa kazi."

"Na nyumbani?"

"Jina la babu."

"Sasa mzungu alilipa watu wawili?"

"Angelipa wawili, saa hii ningekuwa na lori!"

Mama akatuonyesha. Kila kiwanda huipa dawa jina lake la biashara, fupi na tamu mdomoni, ambalo kiwanda kingine hakiruhusiwi kuligusa. Lakini dawa yenyewe ina jina jingine, lililokubaliwa na mabingwa wa nchi nyingi na lisilo mali ya mtu. Hata dawa za ukoo mmoja mara nyingi hupewa majina yenye mwisho unaofanana, ili zijuane. Jina hilo huandikwa kwa herufi ndogo, kama jambo la aibu. Kwenye pakiti zote mbili lilikuwa aspirini, na ikizidi, aspirini hupiga kengele masikioni.

"Kwa hiyo jirani..." mzee alianza.

"Jirani hana kosa! Acha zote, nenda hospitali sasa hivi wakupime."

Nilimsindikiza hospitali, kisha, kwa kuwa sikuwa na safari nyingine, nikapanda naye hadi Kuresoi. Jioni alipita lango lake mwenyewe bila kuingia, akapiga hodi kwa jirani.

"Umekuja kung'oa kigingi gani tena?" jirani akauliza.

"Nimekuletea mgeni," mzee akasema, akinisukuma mbele. "Kwangu kitanda hakuna."

Jirani alinitazama, akamtazama mzee, akacheka, akatukaribisha sote chai. Nililala kwake, juu ya magunia ya viazi. Mama yule hakuwahi kuniuzia hata kidonge kimoja, lakini alinifundisha hili: kabla ya kumtafuta mbaya wako, uliza kwanza umemeza nini.