Mafua Yaliyopanda Machoni mwa Papa

Papa, baba yangu, alikuwa fundi wa kushona nguo kwetu Lubunga. Mafua yalipoingia nyumbani mwaka ule, kila mtu aliyapata kwa zamu. Sisi watoto tulikohoa, tukapona. Papa alikohoa, kisha asubuhi moja akaamka macho yamegandana kwa tongo. Alipoyafungua kwa maji ya uvuguvugu, yalikuwa mekundu kama mawese. Mwanga wa mlangoni ulimchoma, akageukia ukuta.

Majirani walileta dawa zao. Mmoja alitaka kumtilia maziwa ya mama anayenyonyesha. Mwingine aliapa kwamba Papa amerogwa na fundi mwenzake. Mama aliwashukuru wote, akamshika mumewe mkono, tukavuka mto kwa mtumbwi kwenda mjini. Papa alikaa ameinama, kitambaa usoni, akiuliza kila mara, "Tumefika wapi?" Nami nikimweleza: tumepita boti lililojaa ndizi, kuna wanawake wanafua, kuna mtu anatupungia mkono. Sikuwahi kujiona mkubwa kama siku ile.

Kwenye zahanati, muuguzi alimwangalia kwa tochi ndogo. "Ni mafua ileile, Papa. Virusi iko kwa pua, inaweza kufika kwa macho pia. Unapangusa pua, unasugua jicho, alors inapita."

"Kumbe macho nayo inaugua mafua?" Papa aliuliza.

"Ndiyo. Osha mikono, taulo yako mutu mwingine asiguse, na usitie kitu ndani. Mara mingi inaisha yenyewe. Lakini maumivu ikizidi, ao ukianza kuona giza, rudia hapa mbio."

Papa alifurahi kusikia kwamba hakurogwa. Kilichomsumbua ni gauni la bibi harusi wa jirani, lililokuwa limekatwa tu, na harusi ilikuwa Ijumaa.

"Mama ya watoto," alisema tuliporudi, "kaa kwa masini."

"Mimi?"

"Ni wewe uko na macho."

Mama alikuwa amepinda mapindo ya nguo kwa mkono tangu aolewe, lakini cherehani hakuwahi kuikanyaga. Umeme ulikuwa umekatika, ila cherehani yetu ilikuwa ya miguu, kwa hiyo hakupata kisingizio. Papa alikaa mbali kidogo, kwenye kivuli, akisikiliza.

"Polepole. Uzi umelegea, sikia vile inalia."

Mama alifumua, akaanza upya. Walipofika kwenye mikono ya gauni, walibishana.

"Hii itamubana," Mama alisema. "Wewe ulimupima zamani. Tangu wakati ule amenenepa."

Papa alicheka mpaka kikohozi kikamrudia. "Bon. Ongeza basi."

Gauni lilimkaa bibi harusi vizuri mno. Wageni walipomsifu Papa, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kutakata, aliwaambia kwa sauti, "Si mimi. Mushukuru huyu." Mama alivuta kitenge usoni kwa haya.

Tangu hapo hakuiacha kazi ile. Papa akikata, Mama akishona, wakibishana juu ya shingo na mikono hadi chai ikapoa. Papa alitutoka mwaka juzi. Mimi sasa naishi mjini, ng'ambo ya mto, na ninachokikosa zaidi ni ubishi ule wa wazazi wangu, ulioanza asubuhi na kuisha kwa kicheko.