Njiwa Aliye Juu ya Bati Hajafika

Siku yangu ya kwanza kazini njiwa alininyea kichwani kabla sijaonyeshwa hata pa kutundika koti. Bwana Mwenyekiti alicheka mpaka akashika ukuta wa banda, kisha akanipa kitambaa na kuniambia, "Rajabu, sasa umeandikwa kazi." Barua nyingine ya ajira sikupewa.

Hapo ni Iringa, miaka ya hamsini ikiwa bado michanga. Nilikuwa kijana mzima, nimekwisha pakia magunia ya tumbaku mpaka mgongo ukalalamika, ndipo nikasikia kuna Mzungu mkulima anatafuta mtu wa kutunza njiwa. Nilidhani anataka wanenepeshwe kwa ajili ya supu. Kwetu njiwa walikuwapo tangu enzi za babu yangu, aliyekuja bara na biashara zake kutoka Pwani. Walikaa kwenye madebe yaliyotundikwa chini ya upenu, na akija mgeni wa heshima tulipunguza wawili. Sasa nakuta watu wazima, wenye mashamba na maduka, wameunda chama cha kuwashindanisha njiwa mbio, na yule Mzungu ndiye mwenyekiti wao! Nilikwenda nyumbani nikamsimulia mama, naye akaniuliza kama wananilipa kweli au wananichezea.

Kwa ninyi wajukuu ambao hamjauona mchezo wenyewe, nieleze kidogo. Njiwa wa mbio unampeleka mbali ndani ya tenga, unamfungua, anapiga duara moja au mawili angani, kisha anashika njia ya kwao. Siku ya mashindano anavishwa mpira mwembamba mguuni. Akirudi, anaingia bandani kupitia kilango cha vijiti vinavyofunguka kwenda ndani tu, halafu mtunzaji anamkamata, anamvua ule mpira na kuutumbukiza katika saa ya kugonga. Saa hiyo ni sanduku la mbao, zito kama jiwe la kusagia. Ukibonyeza kitufe chake inapiga chapa ya wakati kwenye karatasi iliyo ndani. Chapa hiyo ndiyo inayohesabiwa. Njiwa wako anaweza kuwatangulia wenzake wote, lakini akikaa juu ya paa anajinyoosha mabawa na kutazama mandhari, umekwisha.

"Njiwa aliye juu ya bati hajafika," Bwana Mwenyekiti alipenda kutuambia. Alikuwa mtu mrefu, mwekundu wa uso, Kiswahili chake kizuri kwa sababu alianzia kazi Tanga. Kwa mambo mengine alikuwa mpole, ila ukimpigia kelele njiwa wake aliweza kukutoa shambani mbio. Yeye aliwaita kwa kutikisa kopo la mahindi, taratibu, na watu wote bandani wakinong'ona.

Baada ya kulijua banda, nilipandishwa cheo nikawa mfunguaji. Huyo ndiye anayesafiri na matenga juu ya lori, akifika mahali pa kuanzia anatazama anga, anasubiri ukungu uondoke, halafu anafungua. Ilikuwa kazi ya raha sana. Nilifungua njiwa Igawa, pale watu wanaposhuka kunywa chai na kununua mchele wa Usangu. Nilifungua njiwa Makongolosi kwa wachimba dhahabu, na huko nusura nipigwe kwa huruma. Nilipofungua tenga wale ndege wakaondoka wote, mchimbaji mmoja mwenye matope mpaka kwenye nyusi alishika kichwa.

"We kaka! Unaachia mboga yote hiyo iruke?"

"Wanakwenda kwao Iringa," nikamjibu.

"Na wewe unakwenda wapi? Maana mwenye mali akijua utajuta!"

Wenzake wakanichangia ugali na maharage kwa kunihurumia. Nilikula nikashiba, nikawaacha na imani yao.

Halafu nikahamishiwa Mbeya, chini ya Bwana Katibu. Huyu alikuwa Mhindi mwenye duka la vitambaa, mfupi, mchangamfu, mwenye kupenda njiwa kuliko wateja. Wingu likishuka kutoka mlima Loleza siku ya mbio, angeweza kumwacha mama wa watu na khanga mkononi akatoka nje kutazama juu. Barazani kwake alikaa fundi cherehani mmoja, na fundi huyo alikuwa na binti anaitwa Zuhura. Nitafupisha: nilianza kupeleka suruali zangu kushonwa hata zisizochanika, na mwaka haukuisha tukaoana.

Zuhura alinikaribisha katika ndoa kwa malalamiko. "Hukuniambia kama una wake wenza," alisema asubuhi ya kwanza aliponiona naamkia banda nililojenga uani. "Tena wanavaa vizuri kuliko mimi." Lakini jioni nilimkuta amekaa kibarazani, kinda mmoja mapajani, anamlisha ulezi. Kinda huyo alikuwa jike, rangi yake ya bluu iliyokolea mpaka karibu nyeusi, na Zuhura akamwita Kaniki. Tangu siku hiyo sikuwa na neno tena juu ya Kaniki nyumbani mwangu.

Mambo yakaanza kugeuka kuelekea mwisho wa miaka hiyo. Wanachama walikuwa wazee na wageni, na mmoja mmoja walifunga mizigo wakarudi makwao. Siku moja Bwana Mwenyekiti alikuja kutoka Iringa, tukakaa dukani kwa Bwana Katibu nyuma ya majora ya kitambaa.

"Kiangazi hiki kikiisha na mimi naondoka," akasema. "Katibu peke yake atashindana na nani? Tuuze saa, tufunge mabanda."

"Na njiwa?" nikauliza.

Bwana Katibu akajifanya anakunja kitambaa. Sote tulijua njiwa wasio na mwenyewe wanaishia wapi. Ndege wale nilikuwa nimewalea, wengine tangu hawajafumbua macho.

"Bwana Mwenyekiti," nikasema, "watu wa mtaa wetu wa Majengo wanafuga njiwa tangu mimi sijazaliwa. Wape makinda. Wakiupenda mchezo, waachie na saa."

"Watu wa Majengo hawawezi kunyamaza, Rajabu."

"Wajaribu tu, bwana."

Akakubali. Kulikuwa na mashindano mawili yaliyobaki: la kwanza kutoka Igawa, la mwisho kutoka Iringa. Siku ya lile la mwisho, kama watu wa mtaa watakuwa bado wamo katika mchezo, saa moja ya kugonga itabaki Majengo. Kama sivyo, kila kitu kitauzwa. Tukapeana mikono.

Nilizunguka nyumba kwa nyumba, na wafugaji wa mtaani wakapokea makinda kwa furaha. Baba mkwe wangu, yule fundi, alishona mapazia ya kufunika matenga. Siku ya mashindano ya Igawa ilipofika, uani kwangu hapakuwa na pa kuweka mguu. Wazee wameletewa viti, akina mama wamevaa khanga mpya, kahawa inazunguka. Nikawaambia jamani, ndege akionekana tutulie. Wote wakaitikia.

Kaniki akatokea upande wa Uyole, peke yake, mbele ya wote! Basi nani angetulia? Msafiri anarudi nyumbani salama, tena mshindi. Akina mama walipasua vigelegele ua mzima, mtu akapiga sinia, baba mkwe akarusha kofia. Kaniki, maskini, alikuwa anashuka. Akashtuka, akapaa, akatua juu ya bati la jirani. Nikatikisa kopo la mahindi mpaka mkono ukauma, wala hakuna aliyelisikia, hata mimi mwenyewe. Alipoingia bandani, njiwa wa Bwana Katibu alikuwa amekwisha gongwa, na wengine wengi nyuma yake.

Bwana Mwenyekiti, aliyekuwa kwa Bwana Katibu, alipopata habari hakufoka. Alisema tu, kwa upole, "Mchezo huu unataka kimya." Maneno hayo yakazunguka mtaa. Mzee mmoja jirani yangu alirudisha makinda yake siku ya pili, akayaweka mlangoni kwangu ndani ya kapu.

"Mwanangu Rajabu, usinifikirie vibaya," akaniambia. "Lakini anayerudi kutoka safari tumpokee kimya kama tuko msibani? Mambo hayo mimi sijayazoea."

Wengine wawili wakamfuata. Nilikaa kibarazani nimejiinamia, naona kabisa njiwa wangu wanaingia chunguni mmoja mmoja.

Zuhura alikuwa anapeta ulezi. "Baba Hamisi," akasema, maana tulikwisha pata mtoto wetu wa kwanza, "hivi lile kopo la mahindi, njiwa walizaliwa wanalijua?"

"Hapana. Wanafundishwa. Ukitikisa wanapata chakula."

"Sasa kwa nini wasifundishwe kigelegele?"

Yeye akasimama, akachota ulezi, akapiga kigelegele kimoja kirefu, halafu akaumwaga. Njiwa wote walitawanyika. Kesho yake akafanya vilevile, na kesho kutwa. Wiki haijaisha wakawa hawatawanyiki tena. Mwisho akawa akipiga tu, wanamshukia mpaka mabegani, naye anacheka na kuwasukuma kwa upande wa khanga. Akaenda kuwafundisha akina mama wa nyumba nyingine, na yule mzee jirani akaja mwenyewe kudai kapu lake.

Ikawa kila jioni Majengo inalia vigelegele. Mama mmoja wa Kinyakyusa, aliyetuletea ndizi kutoka Tukuyu, alisimama njiani na mkungu kichwani akauliza, "Jamani, ninyi watu mnaoana kila siku? Mimi harusi hata moja sijaalikwa!"

Siku ya mashindano ya mwisho Bwana Mwenyekiti hakukaa kwa Bwana Katibu. Alikuja kukaa kwangu, juu ya kigoda, magoti yakiwa karibu na masikio. Hakujua lolote juu ya mafunzo ya jioni. Zuhura alitukataza kumwambia. Kulikuwa na wingu, na tulingoja sana. Watu walikuwa kimya kweli safari hii, kwa woga, na Bwana Mwenyekiti akawa anatazama huku na huku kwa mshangao na kuridhika.

Kisha Kaniki akatokeza chini ya wingu. Alikuwa amechoka, nilimjua kwa mabawa. Akatua juu ya bati, akakaa. Nikatikisa kopo. Akageuza shingo, akabaki palepale.

Zuhura akasimama. Bwana Mwenyekiti alimwona anavuta pumzi, akanyoosha mkono kumzuia, "La, la, mama!" Amechelewa. Kigelegele kilitoka, kirefu, cha kupanda na kushuka, na Kaniki akaanguka kutoka batini moja kwa moja hadi kilangoni, akaingia. Nilimvua mpira, nikagonga saa. Ndipo akina mama wote wakajibu kwa pamoja, na hapo njiwa wa jirani waliokuwa wanazunguka juu nao wakashuka, kila mmoja kwao, na wengine kwangu kwa makosa.

Hatukuwa wa kwanza, nisiwadanganye. Njiwa wa Bwana Katibu alitangulia kidogo, na alitutania kwa hilo mpaka uzee wake. Lakini Bwana Mwenyekiti alikuwa amesimama na kofia kifuani, anacheka kama siku ile niliponyewa kichwani. "Miaka yote hii," akasema, "nimekuwa nikiwafukuza watu!" Akachukua lile sanduku la saa, na badala ya kunipa mimi akalikabidhi kwa Zuhura.

Kazi yangu baada ya hapo ilikuwa kukitunza chama cha mtaa, nikifanya kazi dukani kwa Bwana Katibu mchana, mpaka miguu ilipokataa kupanda ngazi ya banda. Tulikuwa na tatizo moja tu ambalo Bwana Mwenyekiti hakuwahi kulipata. Harusi yoyote ikifanyika Majengo, vigelegele vikianza, njiwa wote walishuka kwa bibi harusi. Wamekula pilau nyingi ndege wale. Wageni wa mbali walidhani ni baraka, nasi hatukuona sababu ya kuwaeleza vinginevyo.

Zuhura amefariki, Mungu amrehemu. Baada ya arobaini, vijana wa mtaa wanaokuja kujifunza kwangu waliwapeleka njiwa Igawa kwa pikipiki, wakawafungua. Ndege wakarudi vizuri, wakatua juu ya bati, wakakaa. Mimi sauti hiyo sina. Sijawahi kuwa nayo. Kijana mmoja akatoa simu, alikuwa amerekodi kigelegele harusini, akakipiga kwa nguvu zote. Njiwa waliitazama simu ile, wakaendelea kukaa. Nikasema basi, huu mchezo ulikuwa wa Zuhura, na umekwenda naye.

Mjukuu wangu Rehema, binti wa Hamisi, alikuwa jikoni. Ni msichana mwenye haya, hata harusini hujificha nyuma ya wenzake. Alitoka akifuta mikono, akatazama juu ya bati, akatutazama sisi wanaume tuliosimama kama magogo. Akaziba mdomo nusu kwa mkono. Kigelegele kilichotoka kilikuwa kibovu, kilikatika katikati, akakohoa, akaanza tena.

Njiwa mmoja akashuka. Wa pili akashuka. Mimi nililia, wala sikugeuza uso.

"Babu," Rehema akaniuliza, hana hakika kama amefanya vizuri, "wamefika?"

Nilisubiri mpaka wa mwisho akapita kilangoni.

"Gonga saa, mjukuu wangu. Wamefika."