Wimbo wa Paka

Mgeni wa kipindi kilichotangulia alikuwa amejifukiza, na sifongo ya maikrofoni inanukia udi. Nainama nianze kipindi changu cha taarabu ya kale, na papo hapo niko Magogoni harusini, mtoto mdogo, nimeng'oka meno mawili ya mbele.

Maikrofoni ya siku hiyo nayo ilinukia udi. Nilikuwa nimeganda jukwaani nikililia kutangaza kama watu wa redioni, mpaka nyanya yangu akachoka. "Mpeni atupumzishe," akasema. Waimbaji walikuwa wakianza wimbo wa paka mdokozi, anayefunua vyungu vya watu. Nikaangaza macho: nani hapa ana paka? Jirani yetu, anao watatu.

"Wimbo huu," nikasema kwa sauti nzito, "ni zawadi ya nyanya kwa jirani yetu, yule wa leso ya kijani."

Vigelegele vikapasua turubai. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba kwenye taarabu paka si paka, ni mwanamke anayenyemelea waume wa wenzake. Jirani akainuka, akajifunga leso kiunoni.

"Chungu chako nimekifunua lini?" akamuuliza nyanya.

"Wallahi," nyanya akajibu, "mtoto huyu simjui."

Hawakusemezana mpaka mmoja wa wale paka alipokuja kuzaa chini ya kitanda cha nyanya.

Simu ya kwanza imeingia studioni. Mama mmoja wa Bamburi anaomba wimbo ule ule, kwa jirani yake.

"Jirani anafuga paka?" namuuliza.

"Hafugi."

Namwekea bashraf, ule muziki wa ala tupu usio na neno hata moja.