Mbao za Kupandia Treni

Miguu yangu ililegea utotoni kwa polio, ila ulimi ulibaki mzima. Kwa miaka mingi niliiomba kamati ya kambi yetu ya wafanyakazi wa mgodi, pale Kolwezi, iweke mbao juu ya ngazi za zahanati ili niingie na baiskeli yangu ya kuendesha kwa mikono. Prezida wa kamati, jirani tuliyepakana naye ukuta, alijibu kila mara kwamba mbao hakuna, kampuni imekufa. Basi nikawa nabebwa mgongoni na mlinzi aliyenuka pombe. Nilichukia kubebwa kuliko ugonjwa wenyewe.

Kisha sisi wenye asili ya Kasai tukaambiwa Wakasai warudi kwao. Kwao wapi? Baba yangu alizaliwa hapahapa. Prezida yuleyule ndiye aliyepiga kelele kuliko wote, na siku ya treni alikuja stesheni kuhakikisha tunaondoka upesi.

Behewa lilikuwa la mizigo, sakafu yake inafika kifuani pa mtu mzima. "Huyu abebwe mwisho," akasema. Mwisho maana yake behewa limejaa, mama yangu yumo ndani na mimi nimebaki. Nikaiegesha baiskeli mlangoni, nikaziba njia.

"Tata prezida, mi sitaki kubebwa. Mulete mbao, batu bote bapandie palepale."

Haraka yake ya kutufukuza ilinisaidia. Mbao zikaja, nene, safi, kutoka bohari ya kamati iliyo nyuma ya zahanati! Nikamtazama, akajifanya anakagua injini. Nikapanda kwa mikono yangu mwenyewe. Wakafuata wajawazito, wazee, akina mama na cherehani zao, hata vijana waliojidai kuruka.

Wa mwisho kupanda, taratibu, kwa magoti yake mabovu, alikuwa mama mzazi wa prezida, aliyekuja kutuaga. Akaketi juu ya gunia letu, akamshika mkono mama yangu, rafiki yake tangu ujana.

"Mama, shuka, treni inaenda!" mwanawe akalia.

"Mbao iko ya batu bote. Na mi niko mutu. Kama banaenda, mi naenda nabo."

Behewa zima likaangua kicheko, mimi wa kwanza. Prezida akapanda mbio, akapiga magoti mbele ya mama yangu, akamwomba amsihi mama yake ashuke.

Mama yangu alimwacha apige magoti kidogo. Kisha akamgeukia rafiki yake.

"Shuka, dada. Mutoto yako hajui hata kusonga bukari."

Wakakumbatiana wakilia, na kicheko changu kikakauka.