Karatasi Tuliyoilalia

Harufu ya rangi ikichanganyika na ya kahawa hunirudisha mpaka leo katika chumba cha chini cha jengo letu huko Norsborg, Uswidi, nikiwa msichana wa miaka tisa, furaha imenijaa hadi kooni. Ilikuwa likizo ya kiangazi. Mama alifanya kazi kwenye nyumba ya wazee, nami nilishinda kwa Shangazi Neema, mchoraji kutoka Kongo aliyekaa ghorofa ya juu yetu na mpenzi wake, mwanamke wa Kiswidi aitwaye Karin. Hakuwa ndugu yetu wa damu. Marafiki zake wengi walikuwa wamefukuzwa makwao kwa sababu ya watu waliowapenda, basi wakaitana kaka na dada, na wakagombana kama ndugu kweli, hasa kuhusu zamu ya kuosha vyombo.

Kiangazi kile Shangazi aliichora familia yake hiyo nzima kwa ajili ya maonyesho katika maktaba ya Tumba. Alitandika karatasi ndefu kwenye sakafu ya chumba kile cha chini, alichokitumia kuchorea, tukalala chali tumeshikana mikono, naye akazungusha mkaa kando ya miili yetu, mtu mmoja baada ya mwingine. Uliponifika kwapani nilicheka mpaka mstari ukaharibika! Nilikuwa wa mwisho, na mkono wangu wa kushoto haukushika mtu.

"Hapa ni fasi ya mama yako," Shangazi alisema. "Kama anakatala, nitakata karatasi."

Mama aliwapenda, lakini aliogopa midomo ya watu wa kanisani. Hata chai yao aliinywea mlangoni. Na picha ile maktabani wangeiona wote.

Alipokuja kunichukua nilimrukia na kumwomba kwa Kiswidi, maana Kiswahili kilinikimbia, hata neno "tafadhali": "Snälla mamma!" Aliitazama karatasi. Kisha akavua viatu, akalala na sare yake ya kazi, akanishika mkono.

"Neema, chora haraka kabla sijabadili mawazo," alisema. "Na usinipunguze makalio. Nataka wanitambue."

Walimtambua. Baadhi waliacha kumsalimia, naye alilia jikoni, sitaficha. Siku hizi naambiwa mambo yamekuwa rahisi kuliko zamani, na mara nyingine naamini. Mwaka jana nilimpeleka nyumbani kwa mara ya kwanza Maja, msichana ninayempenda. Njia nzima kwenye treni nilikariri hotuba ya kumweleza Mama. Alifungua mlango, akamtazama Maja, akanitazama mimi.

"Mbona unamsimamisha mwenzio nje?" akasema. "Chakula kinapoa."

Hotuba ile sijaitoa mpaka leo.